Mwenye Nyumba Hii Ana Maringo

Nilipomwambia ami yangu kwamba nahama Kibokoni kwenda Kiembeni, aliniuliza, "Mombasa imekukosea nini?" Kwake Mombasa ni kisiwa, basi. Ukishavuka Daraja la Nyali wewe ni msafiri, na msafiri huombewa dua. Ami analikumbuka vizuri lile daraja la kuelea lililofunguliwa 1931, ambalo hukuvuka mpaka ulipe. Hili la sasa, la 1980, analilaumu kwa kurahisisha watu kupotea. Yeye mwenyewe havuki ila kwa maziko.

Lakini nyumba ya familia ilikuwa imejaa. Ndugu wameoa, watoto wamezaliwa, na alfajiri chooni kuna foleni. Nikahama.

Kitu ambacho sikukipakia kwenye lori ni baraza. Kwetu hutafuti marafiki. Unatoka na kikoi chako baada ya alasiri, unakaa mlangoni, na dunia inakuja yenyewe. Huyu ana habari ya msiba, yule ana habari ya meli iliyokwama, na wa tatu hana habari yoyote ila amekuja kuzibisha hizo mbili. Mtaa wetu wa Kiembeni hauna kibaraza hata kimoja. Una mageti, na nyuma ya kila geti kuna mbwa ambaye ndiye msemaji wa familia. Mimi nafanya kazi mjini, ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Natoka gizani ili niwahi kabla msongamano wa Kongowea haujaiva, narudi gizani, na gari nililolinunua kwa mtu lilikuja na vioo vyeusi. Honi, geti, ndani. Miezi ikapita, sijui hata jina la jirani.

Mke wangu ndiye aliyeanza. Alipika kaimati, akajaza sahani, akaifunika kitambaa, akamtuma binti yetu nyumba ya pili. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Na kweli haikurudi tupu. Kesho yake dada wa kazi aliileta ikiwa na noti ya mia mbili. "Mama amesema ni tamu sana. Anauliza kama mnafanya na mahamri, anataka hamsini za Jumapili." Mimi niliona tumetukanwa. Mke wangu alikuwa tayari anapima unga.

Basi nikasema, kama baraza hakuna, nitalianzisha. Nilikuwa na dele la marehemu babu, birika la kahawa la shaba, limekaa stoo linaota kutu ya kijani. Nikalisugua kwa majivu na ndimu mpaka likanionyesha uso. Jumamosi alasiri nikachemsha kahawa tungu, ile yenye tangawizi iliyopondwa na iliki, nikapanga kashata kwenye sinia, nikatoa benchi nje ya geti, nikakaa na kikoi, fulana na kofia. Nikangoja dunia.

Dunia ilipita. Ilipita kwa bodaboda, kwa tuktuk na kwa miguu, ikinitupia jicho na kwenda zake. Nilipochoka nikafanya kama wafanyavyo mjini, nikachukua finjani mbili nikazigonganisha. Kliki-kliki, kliki-kliki. Muuza kahawa wa Mombasa hanadi kwa mdomo. Mlio ule kila mtu anaujua, na hapo ndipo mambo yalipopinda.

Kijana wa boda akasimama. "Mzee, kikombe ngapi?"

"Karibu ndugu yangu, kunywa tu."

Akarudi nyuma hatua moja. "Ya bure?"

"Ya bure."

"Umetia nini ndani?"

Hana makosa. Siku hizi watu wanawekewa "mchele", dawa ya kulewesha, vinywajini, wakiamka hawana simu wala viatu. Ikabidi ninywe finjani nzima mbele yake, naye akanitazama, akingoja nianguke. Sikuanguka. Ndipo akanywa, akaisifu tangawizi, akaacha shilingi kumi kwenye sinia la kashata na kuondoka kabla sijafungua mdomo.

Kumi ile ndiyo iliyoniponza. Aliyefuata aliiona, akaweka ya kwake kando. Aliyemfuata yeye akaweka ishirini, akasubiri chenji. Nikampa chenji. Na mtu akishatoa chenji, yakhe, hana tena njia ya kusema yeye si mfanyabiashara.

Sitasema uongo, nilifurahi. Kila Jumamosi na Jumapili benchi lilijaa. Alikuwapo mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye alihakiki chenji zangu zote. Alikuwapo mama wa mboga wa pale kona, aliyekatazwa kahawa na daktari wa presha na ambaye kwa sababu hiyo alikunywa akiwa ameipa barabara mgongo. Mlinzi wa geti la kijani alisema, "Niandikie," nikalazimika kufungua daftari, na mke wangu akanikuta napiga mistari ya madeni kwenye kitabu cha sayansi cha binti yetu. Na alikuwapo mzee wa saruji, niliyempenda kuliko wote. Alianza kibarua kiwandani Bamburi akiwa kijana, na anakumbuka 1971 Haller, mzungu wa kiwandani, alipoanza kupanda mivinje kwenye machimbo yaliyokwisha mawe. "Tulicheka," alituambia. "Tukasema, mzungu huyu jua limempiga, nani hupanda mti juu ya jiwe? Leo mjukuu wangu analipa kiingilio kwenda kumtazama twiga pale pale nilipochimba." Mwalimu akasema mivinje si miti ya maana. Wakabishana mpaka magharibi. Nikajiambia, hili ndilo baraza sasa, bado kutukanana tu.

Matusi yalikuja wiki iliyofuata.

"Hivi," mlinzi akaniuliza, "huyu mwenye nyumba hakufukuzi hapa?"

"Mwenye nyumba gani?"

"Wa hii. Unayoegemea ukuta wake."

Kabla sijajibu, mama wa mboga alikuwa ameshadakia. "Yule? Yule ana maringo! Salamu haijui. Anapita na vioo vyake vyeusi, vumbi lote juu ya nyanya zangu."

"Nasikia yuko forodha," mwalimu akasema.

"Forodha wapi!" Kijana wa boda akashusha sauti. "Gari lile, nyumba ile, anatoka usiku anarudi usiku. Mtu wa halali hutoka usiku?"

Mzee wa saruji akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mkewe lakini ni mtu wa watu. Mahamri yake nimeyala. Maskini, ameolewa na jitu."

Wakanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye ninayekaa karibu na hilo jitu. Macho yote yale, na finjani zimesimama hewani. Mtu mwenye akili angesema ukweli pale pale. Mimi nikasema, "Mimi mwenyewe hunifokea."

"Hukufokea!"

"Juzi alitaka kunimwagia maji."

Walahi sijui yalitoka wapi. Siku ile nilimaliza dele zima na nusu ya la pili, watu wanakunywa kwa hasira. Mwalimu akaapa kwamba nikifukuzwa wote wataandamana nami kwa chifu. Mlinzi alikuwa na mpango wa faragha zaidi. "Mimi nitamtoboa gurudumu moja tu," akaniambia sikioni. "Ajue."

Tangu hapo nikawa naingia kwangu mbio, lakini kwenye kona ya nyanya nakwenda taratibu kabisa, nisimtie mama vumbi. Jumamosi akatuletea ripoti: "Jitu limeanza kupita polepole. Linachunguza nini?"

Kumbe kuna mtu wa Kibokoni aliyekuja Kiembeni arusini, akaniona na dele. Arusi haijesha, habari ilishavuka daraja: fulani amefutwa kazi, anauza kahawa njiani. Siku zile za kwanza tu ilikuwa hivyo. Ilipofika kwa ami, nilikuwa pia nalala kibarazani.

Jumapili moja, benchi limejaa, tuktuk ikasimama mbele yetu. Akashuka ami, na kanzu yake ya maziko. Nyuma yake shangazi, mfuko wa mchele, dumu la mafuta ya kupikia. Akanikuta nimeinama nammiminia mlinzi.

"Ami, shikamoo."

"Shikamoo ya nini? Kazi wamekufuta, hutwambii! Mpaka tusikie kwa watu!" Machozi yanamlenga. Akatoa bahasha, mchango wa ukoo, akanitia kwenye mfuko wa kikoi, na kwa kuwa kikoi hakina mfuko ikaanguka juu ya kashata. "Na nyumba hii yote uliyochukua? Na lile gari la vioo vyeusi, utalitia mafuta kwa finjani?"

Hakuna aliyekohoa. Mlinzi akalitazama geti, akanitazama mimi, akalitazama geti tena. Wakati huo huo likafunguka, na binti yangu akachungulia. "Baba, mama anauliza, kahawa ya pili aiteleke?"

Kijana wa boda akasema polepole, "Jitu ni wewe?"

Nilijitayarisha kwa lolote. Sikujitayarisha kwa lililokuja. Mwalimu alisimama, akavua kofia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana."

"Sijafutwa kazi!" nikasema.

"Ndiyo, ndiyo," akasema mzee wa saruji, kwa sauti ya kumlaza mtoto.

"Naapa, kesho naenda kazini!"

"Utakwenda, inshallah."

Mama wa mboga alikuwa anajifuta kwa ncha ya leso. "Ndiyo maana salamu haikuwa ikimtoka. Mtu alikuwa na mawazo! Nami nikamsema kwa nyanya, Mola nisamehe."

"Mawazo yamempeleka mbali," mlinzi akamwambia ami. "Alitwambia mwenye nyumba humfokea. Kumbe anajifokea mwenyewe. Na juzi alitaka kujimwagia maji."

Ami akaketi. Kazi hakuitaja tena. Alianza kuulizana na shangazi ni nani siku hizi anayeandika kombe zuri la kumnywesha mgonjwa.

Kama hayo hayatoshi, magharibi akafika muuza kahawa wa haki, mwenye njia ile kwa miaka, na dele lake mkononi, amekuja kuniuliza nani kanipa ruhusa ya kumnyang'anya wateja. Alikuja na sauti ya juu. Wakamvuta pembeni, wakamnong'oneza. Aliporudi kwangu uso ulikuwa mwingine. "Kaa hapa, ndugu yangu," akasema. "Watoto wapate kula. Mimi nitasogea upande wa msikiti." Akaonja kahawa yangu, akakunja uso, akanishauri nipunguze tangawizi.

Bahasha nilimpa mke wangu airudishe. Alinunua jiko kubwa la mahamri.

Jumatatu nilitoka na vioo vimeshushwa vyote. Mlinzi akanipigia saluti. "Vyeti umebeba?" Mbele kidogo alisimama mzee wa saruji, amevaa koti.

"Ukienda kutafuta kazi, nishushe Mwembe Tayari."

Akaingia. Mama wa mboga akaingia na magunia yake matupu, anashuka Kongowea kuchukua nyanya. Mwalimu akaingia pia, bila kusema anakwenda wapi. Njia nzima wakanifundisha namna ya kujibu maswali ya waajiri. Nisiseme nina haraka ya mshahara, nisikunje miguu, na kahawa nisiitaje kabisa.

Mwembe Tayari mzee alishuka, akanipenyezea mia moja dirishani.

"Mzee wangu, hapana."

"Ya mafuta. Usikatae, mwanangu, hali tunaijua."

Mwalimu, kiti cha nyuma, akaona si vizuri apitwe. Akaninyooshea mia mbili, akasubiri chenji.