Likizoni Kampala, nani apike?

Mwishoni mwa Novemba mdogo wangu alikuja Kampala kutoka Mombasa pamoja na mumewe, watoto wao watatu na mama yetu. Walipanga nyumba ya siku tisa huku Kibuli, hatua chache kutoka kwangu, kwa kuwa vyumba vyangu viwili visingewatosha. Alipofungua begi la kwanza nikaona kilo nne za mchele, iliki, mdalasini, bizari nzima na chupa ya ukwaju. "Dada, huku tutakula nini?" aliniuliza. Shemeji alikuwa ameshakata shauri tangu nyumbani: watu sita hawawezi kula nje siku tisa, kwa hiyo wangekaa penye jiko na kujipikia.

Karibu kila jamaa wa pwani anayekuja Uganda na familia huja na shauri hilohilo. Lina sababu zake, na baadhi ni nzito kuliko nilivyokuwa nikikubali zamani. Lakini jiko halijipikii, na katika hesabu ya shemeji mpishi hakuwamo.

Nianze na yaliyo upande wake. Siku ya pili tulikula kwenye mgahawa ndani ya jumba la maduka, kwa sababu watoto walitaka kuku na chipsi. Tulivyojumlisha bei za menyu tulipata shilingi 264,000 za Uganda. Bili ilipokuja ilikuwa 311,520, kwani kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 haikuwa ndani ya bei zile na hakuna aliyetutajia. Shemeji alitoa simu akagawa kwa 28, akapata zaidi ya shilingi elfu kumi na moja za Kenya kwa mlo mmoja. Mara mbili kwa siku kwa siku tisa, hizo ni karibu laki mbili. Na tulikuwa tumengoja saa nzima na nusu, hata mtoto mdogo akalala na kichwa mezani kabla sahani yake haijafika. Kwa mlo wa namna ile sina cha kumpinga shemeji. Tulilipa sana kwa kuku ambaye wangempata Nyali, kwao Mombasa.

Usiku wa siku ya tatu mtoto huyo wa miaka minne akaanza kuharisha. Hatukujua kilichomdhuru: maji ya njiani, juisi yenye barafu, au tunda alilookota kwangu. Tulimpa dawa ya pakiti ya kuchanganya na maji, akapona, lakini safari ya Jinja kwenda kuona chanzo cha Mto Nile iliahirishwa na mama yake hakulala. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2015 kwamba watoto wa chini ya miaka mitano ni asilimia 9 tu ya watu wote duniani, lakini hubeba asilimia 40 ya mzigo wa magonjwa yatokanayo na chakula. Kwa hiyo mzazi anapotaka kukiona chakula cha mwanawe kikiiva mbele ya macho yake, simwiti mwoga.

Sasa nirudi jikoni. Mdogo wangu akiwa Mombasa huamka saa kumi na moja alfajiri, hupika, hufungasha vya shule, kisha huenda kazini. Siku ya kwanza na ya tatu nilimkuta Kibuli akifanya vilevile. Jiko lilikuwa na mafiga mawili na sufuria moja ya maana. Alikatakata vitunguu wenzake wakivaa, akapika, akalisha, akaosha, na walipotoka nyumbani ilikuwa saa saba mchana, saa ambayo barabara za Kampala zimeshajaa magari. Mama yetu, ambaye hasemi sana, alisimama mlangoni akamwambia mkwewe, "Baba, huyu umemleta kutembea au umemhamishia jikoni kwingine?" Shemeji hakujibu. Alikuwa amehesabu mchele, mafuta na gesi. Saa za mkewe jikoni hazikuwamo kwenye simu.

Hapo ndipo nilipo mimi. Fedha iliyookolewa kwa kumnyima mtu mmoja likizo haijaokolewa. Imelipwa na yeye. Anayetetea kupika safarini aseme kwanza ni nani atakayepika, na kama huyo mpishi ameulizwa.

Lakini mzozo wote huu, jiko au mgahawa, umejengwa juu ya mgahawa wa jumba la maduka, kana kwamba Waganda wenyewe hula huko. Hawali huko. Katika hoteli ndogo za mchana mtu halipii chakula, hulipia mchuzi. Kile Waganda wanachokiita chakula, emmere kwa Kiganda, ni matoke (ndizi za kupika), posho (ugali), wali, viazi vitamu, muhogo, boga na viazi vikuu. Huja sahani moja ikiwa na vyote au vile unavyovitaja, na bei haibadiliki. Kinachopanga bei ni enva, yaani kitoweo: maharage na karanga ziko chini, nyama iko katikati, samaki na kuku wako juu. Mgeni asiyejua huagiza sahani sita kwa watu sita, kisha hushangaa kuona nusu inabaki.

Siku ya nne niliwapeleka kwenye hoteli ya mama mmoja si mbali na msikiti. Tuliagiza michuzi mitano: miwili ya nyama kwa 12,000 kila mmoja, miwili ya karanga kwa 8,000, na samaki mzima, ngege, wa 20,000. Tukaomba sahani tupu za watoto. Jumla 60,000, kama elfu mbili na mia moja za Kenya, na tulibakisha boga. Chakula kilifika hatujamaliza kunawa mikono.

Kasi hiyo ina maelezo, na ndani ya maelezo hayo mna jibu la hofu ya tumbo pia. Matoke humenywa asubuhi mapema, hufungwa kwenye majani ya mgomba na kuwekwa kwenye mvuke kwa saa nyingi, yakipondwa humohumo kwenye majani. Luwombo hupikwa kwa njia hiyo, kuku au nyama au karanga ikifungwa kwenye jani lake lenyewe. Hadi saa saba mchana sufuria bado iko motoni. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichoiva kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi mpaka kiliwe, na sufuria ile inayotoa mvuke wa kuchoma vidole inaikaribia kanuni hiyo kuliko vyombo vya chuma vya bufee vinavyopashwa kwa mishumaa. Cha kuogopa ni kachumbari iliyokatwa tangu asubuhi, barafu ya maji usiyoyajua, na sufuria hiyohiyo ikifika saa mbili usiku.

Ndiyo maana nawashauri wageni wangu wahamishie mlo mkubwa mchana. Pwani tumezoea jioni kuwa wakati wa kukaa pamoja, na shemeji aliona ni adhabu kula matoke saa saba kisha usiku kuishia na kitu chepesi. Lakini hoteli hizi ni za mchana. Jioni Kampala hula barabarani: muchomo, ambayo ni mchomo wetu uliovuka mpaka, gonja, yaani ndizi, ya kuchoma, na rolex, chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai, nyanya, vitunguu na kabichi. Jina lake limetokana na maneno ya Kiingereza "rolled eggs", mayai ya kuviringishwa, na sifa zake wengi huzianzia Wandegeya, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere. Hukaangwa mbele yako, hupewi iliyolala. Kwa watoto watatu ndicho kilikuwa chakula cha usiku kwa siku nne, kwa bei ambayo hata shemeji hakuigawanya.

Je, watoto wa Mombasa watakula matoke? Hili ndilo pingamizi la kweli na silifuniki. Wa kati aliyaonja, akayasukuma. Ndizi anazozijua zina nazi. Hizi zilikuwa za manjano, laini, zimemwagiwa mchuzi wa karanga wa rangi ya waridi. Siku hiyo alikula posho, akashangaa kwamba neno ambalo bibi yake analitumia kwa maana ya riziki ya kupimiwa, huku ni ugali. Mara ya tatu aliyala matoke bila kuambiwa, na jioni yake akanunua senene, wale panzi, wa kukaanga kwenye foleni ya magari, akawatangulia wote kuwala. Kaka yake hakuyapenda hata siku ya kuondoka. Mama alikuwa hataki kingine, kwa kuwa meno yamebaki machache na matoke hayahitaji meno. Mimi sioni kwamba mtoto asiyependa ameharibu likizo, mradi kwenye sahani ileile mna wali. Huo ndio uzuri wa sahani yenye vyote.

Kuhusu halali, hofu ya shemeji naiheshimu, ila haina ukubwa aliokuja nao. Waislamu walikuwa karibu asilimia 14 ya Waganda katika sensa ya 2014, na Kibuli na Old Kampala hoteli zao ni nyingi. Kisenyi kuna Wasomali wenye wali na nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu pembeni. Pa kuwa mwangalifu ni kwenye majiko ya jioni, kwa sababu nyama ya nguruwe hupendwa sana Kampala na moto mmoja huweza kuchoma hiyo na nyama nyingine. Kuuliza hakumuudhi mtu. Mtoto mkubwa ndiye aliyekuwa akituulizia, Kiswahili kikichanganyika na "ssebo" na "nnyabo", yaani bwana na bibi kwa Kiganda, alizozipata siku mbili za kwanza, na wauzaji walimjibu kwa furaha.

Kuna mahali ambapo ushauri wangu haufiki. Ukienda mbuga ya Murchison au Queen Elizabeth, mara nyingi utakula pale unapolala, na cha kuuliza kabla ya kulipa ni kama kodi imo na watoto wanahesabiwaje. Ukija wiki ya Krismasi, utaikuta Kampala imehama. Watu wamekwenda vijijini kwao, akina mama wa hoteli wamefunga, na hapo mwenye jiko na mchele wake ndiye aliyejipanga vizuri. Tena mwenye mtoto mchanga asinisikilize kabisa.

Usiku wa mwisho mdogo wangu alipika pilau. Hakuna aliyemwambia. Alisema bizari isirudi Mombasa bila kazi, akaita nyumba yangu yote, na shemeji akakaa kwenye kigoda akamenya vitunguu saumu huku macho yakimtoka machozi ya vile vitunguu maji alivyokata kabla. Tulikula tukiwa kumi na mmoja. Sijamwona mdogo wangu akipika hivyo kwa miaka mingi, na nilielewa kwamba sikuwa na ugomvi na jiko.

Wanataka kurudi Aprili. Juzi shemeji alinipigia kuuliza kama nyumba isiyo na jiko ingekuwa nafuu zaidi. Nimemwambia achukue ileile. Chai ya asubuhi na uji wa mtoto vinahitaji figa moja, na kwenye hilo la pili atasimama yeye.