Watoto Watatu, Madirisha Mawili

Mzazi anayekusudia kuwapeleka watoto wake Mombasa kwa gari akitokea Kampala, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,100, asianze na bei ya petroli wala hali ya matairi, bali awahesabu watoto, kisha ayahesabu madirisha ya nyuma. Mimi Ssalongo, yaani baba wa mapacha kwa Kiganda, sikuhesabu. Nina mapacha Wasswa na Kato, na mdogo wao Kizza, na gari langu, kama magari yote ya watu wa kipato changu, lina madirisha mawili tu huko nyuma.

Kabla hatujafika Mukono nilikwisha kutunga sheria kwamba wa katikati atabadilishwa kila mji, na tangu hapo nikawa hakimu asiye na mshahara. Pale Namawojjolo, wauzaji walipotukimbilia na kuku wa vijiti na ndizi za gonja za kuchoma, waliokaa dirishani walijichagulia mapaja, naye Kizza wa katikati akapokea shingo iliyokwisha kupita mikononi mwa wote wawili. Hajasahau. Tulipovuka daraja jipya la Jinja, lile la mita 525 lililofunguliwa mwaka 2018, bado alikuwa katikati, kwa kuwa kaka zake walishikilia kwamba Lugazi si mji. Akaukosa Mto Nile, akalia hadi Iganga, nami nikimbembeleza kwamba mto wenye urefu wa zaidi ya kilomita 6,000 hauwezi kuhama kabla hatujarudi.

Zamu yake ya dirisha iliangukia Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, penye foleni ya malori, na kwa saa mbili alitazama tairi moja, akadai fidia. Ndani ya jengo la forodha, ambamo maafisa wa nchi zote mbili hukaa pamoja, nilitoa kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kisha bima ya gari ya COMESA, ambayo nayo huitwa kadi ya njano. Kato, mpenzi wa soka, aliuliza kwa sauti kama baba mwenye kadi mbili za njano hatatolewa uwanjani. Afisa hakucheka, mke wangu, Nnalongo, alicheka kwa niaba ya serikali zote mbili.

Kisha tukapanda Timboroa, karibu mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, hali sote tumevaa fulana za pwani, na kioo cha kushoto cha gari langu hakipandi hadi juu tangu mwaka jana. Hapo ndipo dirisha lilipogeuka adhabu. Wote watatu waligombea katikati, na Wasswa, aliyekuwa ameapa tangu Kampala kwamba mtoto wa kwanza hakai katikati, sasa alidai kwamba mahali hapo ni haki yake ya kuzaliwa, kwa kuwa alimtangulia Kato kwa dakika kumi na mbili. Ishara ya ikweta hakuna aliyeitazama.

Huko Tsavo tulimwona ndovu mwekundu kwa vumbi, tena alionekana upande mmoja tu wa gari, jambo ambalo nililaumiwa mimi. Ya Mombasa sitayasimulia, kwani ufuo hauna madirisha na kwa siku nne nilikuwa mtu huru.

Asubuhi ya kurudi, Nnalongo alitangaza kwamba nimechoka, kwa hiyo ataendesha yeye, na watoto, ambao kumbe walikuwa wamefanya kikao usiku, wakasoma hukumu: Wasswa akae mbele, Kato kushoto, Kizza kulia. Nilikata rufaa kwa Nnalongo, lakini alikuwa amekwisha kuwasha gari. Nimerudi Kampala magoti yakiwa kidevuni, miguu juu ya nundu ya sakafuni, nisione chochote isipokuwa breki ya mkono na kisogo cha mke wangu. Jinja tulipita mchana kweupe, na Kizza akanieleza kwa upole kwamba mto ule hauwezi kuhama.