Nani anafunga mlango wa mashine?

Jamani, nani huwa anafunga mlango wa mashine ya kufulia? Kila siku nasema uachwe wazi, kila siku naukuta umebanwa kama sefu ya benki. Kwa joto hili la Dar! Jana nimekunjua ule mpira wa mlangoni: ukungu mweusi unateleza, soksi ya mtoto, na harufu ya tambara lililolala na maji. Nimesugua kwa mswaki mkuukuu, nikaendesha mashine tupu kwa nyuzi 60. Shemeji ananishauri nichanganye siki na klorini. Ili tuvute gesi ya sumu wote? Na hiyo sabuni mnayomwaga nusu kopo, mabaki yake ndiyo chakula cha ukungu!