Umehitimu mipangomiji: ofisi ya wilaya au viwanja vya hamsini kwa mia?

Sheria ya upangaji wa miji na ardhi ya mwaka 2010 iliifanya Uganda nzima kuwa eneo la kupangwa, hadi kijiji cha mwisho Karamoja, kaskazini mashariki. Julai 2020, Arua, Gulu, Mbarara, Jinja na miji mingine ikaanza kupandishwa kuwa majiji. Ukiyasoma hayo ukiwa mwaka wa mwisho Makerere, utadhani ajira zinakusubiri mlangoni.

Wapi! Kazi ya wilaya hupitia tume ya ajira ya wilaya, na pasipo fungu la mshahara hakuna tangazo. Na ukiipata? Ofisi moja niliyoingia ilikuwa na ramani ya mji ukutani, imepauka upande wa dirisha. Palipochorwa barabara, nje palikuwa na kibanda cha rolex (chapati iliyokunjwa na mayai) na fundi wa boda. Mpangaji miji mwenyewe alikuwa akingoja gari aende kukagua ujenzi, na gari lilikuwa limechukuliwa na idara nyingine. Kwenye ardhi ya mailo, umiliki wa kudumu wa Uganda ya kati, mambo huzidi ugumu: mwenye hati ni huyu, mwenye kibanja (haki ya kukaa hapo) ni yule, na mchoro wako hauwapatanishi.

Basi wengi hukimbilia kwa wauza viwanja. Wakiso, wilaya inayoizunguka Kampala, kazi haikosekani: kata ekari vipande vya futi 50 kwa 100, ulipwe, usonge mbele. Kijana aliyefundishwa kuacha nafasi ya shule na mtaro wa maji huulizwa swali moja tu: hapa haviongezeki viwili? Mashirika yanayohudumia makazi ya wakimbizi kama Bidi Bidi, huko West Nile kaskazini magharibi, huwa na kazi yenye heshima zaidi, hasa kwa anayejua ramani za kompyuta, ila mikataba ni ya miezi. (Huko, Kiswahili cha sokoni kitakufungulia milango ambayo cheti hakiifungui.)

Pesa ya haraka iko nje ya serikali, sibishi. Lakini ningekuwa mhitimu leo ningeomba wilaya, tena mji mdogo, kabla barabara hazijajengewa. Katibu wa kamati ya mipango ya wilaya, kwa sheria, ni mpangaji wa wilaya. Ule mchoro wa hamsini kwa mia, ukifuata utaratibu, lazima utue mezani kwa yule yule anayengoja gari.