Strima ya nyumbani iishinde flashi kwanza

Kila zinapotangazwa strima mpya za muziki, yaani vifaa vya nyumbani vinavyovuta nyimbo kutoka intaneti, sifa zinazotangulia ni zilezile: chipu bora ya kugeuza sauti, biti 24, kilohezi 192, kioo kikubwa cha kuonyesha jalada la albamu. Mimi nina kipimo kingine. Niko Tanga, na strima ya kizazi kijacho nitaiheshimu siku itakapoweza kufanya yote yanayofanywa na flashi iliyochomekwa kwenye sabufa.

Msicheke. Flashi haiulizi nenosiri. Bando likiisha haina habari. Mgeni akija na yake anaichomeka, nyimbo zinaanza, na hakuna anayeuliza akaunti ni ya nani. Kampuni iliyoiuza ikifungwa kesho, nyimbo zimo vilevile. Mtoto wa darasa la pili anaiweza, na bibi yake anaiweza. Katika mambo hayo yote strima nyingi za bei mbaya zinapigwa chini na kitu kinachouzwa stendi.

Hata hivyo simwambii mtu arudi kwenye flashi. Strima ina jambo moja kubwa ambalo wengi hawalijui mpaka walione: wimbo haupiti kwenye simu. Ukicheza kwa Bluetooth, simu ndiyo inayobeba kila kitu. Shemeji akipiga, taarab inakatika. Ujumbe wa WhatsApp ukiingia, sebule nzima inausikia. Mwenye simu akitoka kwenda dukani, muziki unaondoka naye. Strima inavuta wimbo yenyewe kutoka intaneti na kuupeleka kwenye ampu. Simu inabaki kuwa rimoti tu, unaweza hata kuizima. Kwa nyumba yenye watu wengi hilo peke yake linatosha kumfanya mtu aitamani.

Ubora wa sauti nitaupita haraka, maana hapo kazi imekwisha. Sauti ya CD ni biti 16 na kilohezi 44.1, kiasi cha kubeba milio hadi kilohezi 22 hivi, wakati sikio la kijana mwenye afya huishia karibu na 20. La mtu wa umri wangu limeshashuka zamani. FLAC, inayobana sauti hiyo bila kupoteza chochote, ipo tangu 2001 na ni ya bure. Hata Spotify, waliochelewa kuliko wenzao, walianza kutoa sauti isiyopunguzwa Septemba 2025. Anayetaka kubishana nami juu ya kilohezi 192 aje nyumbani, nimwekee taarab ya Shakila, tubishane tukiwa tumeburudika.

Fedha inayotumika kuupandisha ubora huo iende kwenye hifadhi, yaani nafasi ya kutunza nyimbo ndani ya strima. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom, zinazotuletea intaneti, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku kama hizo, strima isiyo na nyimbo ndani yake inabaki taa inayowaka tu. Nataka iwe na nafasi ya diski ninayoweza kuinunua na kuifunga mwenyewe, na ninapochomeka flashi iniulize swali moja: nicheze tu, au ninakili? Ikinakili, iache nyimbo ambazo tayari inazo. Zaidi ya hapo, huduma za kulipia humruhusu mteja kupakua nyimbo kwenye simu, lakini strima nyingi hazina uwezo huo. Kwa nini? Wimbo wa kilobiti 320 kwa sekunde unakula megabaiti 144 kwa saa. Jumamosi ya usafi, muziki ukipigwa saa sita mfululizo, karibu gigabaiti nzima imekwenda, na nusu yake ni nyimbo zilezile zilizopigwa Jumamosi iliyopita. Mwenye waya wa faiba hajali. Mwenye bando analipia wimbo mmoja mara ishirini. Mashine ivute usiku, data inapokuwa rahisi, na wimbo ulioshalipiwa ukae.

Umeme nao. Strima nyingi ndogo zinatumia volti 5 au 12 ndani yake, halafu tunauziwa na adapta ya ukutani kana kwamba hakuna njia nyingine. Watengenezaji, andikeni wazi kwamba inapokea volti 12 moja kwa moja, na ivumilie betri ya sola inayopanda hadi 14 wakati jua limekaza. Mwenye sola hatahitaji tena inveta kugeuza umeme kwenda 230 ili adapta iugeuze kuurudisha 12. Kuna kitu kingine kidogo ambacho mafundi wa huko viwandani hawakifikirii. Vifaa vingi vya namna hii havina betri ya saa. Umeme ukirudi kabla ya intaneti, kifaa kinadhani bado ni mwaka kilipotengenezwa, na saa ikiwa imepotea, vyeti vya usalama vya huduma za muziki, vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, vinakataliwa. Unaambiwa "hakuna muunganisho" huku mtandao umesharudi. Betri ya saa ni ile ya sarafu ya kwenye saa za mkononi. Iwekeni. Na umeme ukirudi, muziki uendelee pale ulipokatikia, kwa sauti ya chini kidogo, si kwa kishindo saa nane za usiku.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sijaliona likitangazwa na yeyote, nalo ndilo ninalolitaka kuliko yote: tundu la kuingiza sauti lenye kitufe cha kurekodi. Strima kadhaa zina tundu la kuingiza, lakini ni la kusikiliza tu. Nyumba nyingi za pwani zina boksi la kaseti. Baadhi ni nakala za bendi zinazojulikana, hizo zina pengine pa kupatikana. Nyingine ni za harusi: mtu aliweka redio kaseti karibu na jukwaa mwaka 1983, akabonyeza kitufe, na ndani mna kikundi kikipiga, vigelegele, mtu anayetunzwa akitajwa kwa jina, na marehemu wawili watatu wakicheka. Hakuna nakala ya pili duniani. Unyevu wa pwani unaleta ukungu kwenye utepe, na kila mwaka boksi linapungua. Upande mmoja wa kaseti ya C-90 ni dakika 45, ambazo kwa ubora wa CD ni chini ya megabaiti 500, na FLAC inazipunguza karibu nusu. Mashine ya kufanya kazi hiyo imeshakaa sebuleni, imeshaunganishwa, ina diski. Inakosa chipu moja ya kugeuza sauti kwenda kidijiti, tena si ghali, na programu ya kukata nyimbo kwenye ukimya. Bila hiyo mtu anatafuta kompyuta, waya, programu, kijana wa kumwelekeza, na mwishowe anasema nitafanya baada ya Idi.

Ukishanakili, unaingia kwenye vurugu ya majina. Flashi ya mjini ina nyimbo elfu moja, mia tatu zinaitwa "Track 01" na nyingine zimebandikwa jina la tovuti zilikotoka. Njia ya kutambua wimbo kwa kuusikiliza ipo. AcoustID hufanya hivyo na kulinganisha na orodha ya MusicBrainz, inayojazwa na watu wa kujitolea. Lakini hata wimbo ukitambuliwa, mashine hizi hazielewi bendi zetu. Bendi iliyoanza 1964 ikiitwa NUTA Jazz ikawa Juwata, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Jina lilikuwa likifuata jina la chama cha wafanyakazi. Kwa strima hao ni wanamuziki wanne wasiojuana. Mlimani Park ni mmoja, DDC Mlimani ni mwingine, Sikinde wa tatu. OK Jazz ya Kinshasa nayo inaandikwa kwa nukta, bila nukta, kwa TP na bila TP, na kila moja inapewa ukurasa wake wenye nyimbo tano. Nataka niunganishe majina hayo mwenyewe mara moja, na marekebisho yangu yasifutwe na sasisho la wiki ijayo. Pia nitafute kwa mwimbaji na mtunzi. Ukimtaka Hassani Bitchuka, ni lazima mashine ijue kwamba alipita Juwata na Sikinde pia. Jina lake haliko juu ya jalada.

Halafu kuna zile nyimbo zilizokatwa katikati. Santuri ndogo ya 45, ya mizunguko 45 kwa dakika, ilikuwa na nafasi ya dakika chache kila upande, kwa hiyo bendi za hapa na za Kongo ziligawa wimbo: sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Maneno yanaanza A, magitaa yanakolea B. Leo sehemu hizo zimewekwa kwenye huduma za muziki kama nyimbo mbili, na ukibonyeza kuchanganya, unapigiwa sebene sasa hivi na utangulizi wake baada ya saa moja, katikati pameingia Bongo Fleva. Ni uchafu. Mashine iliyoona "Sehemu ya 1" na "Sehemu ya 2" za jina moja ishindwe nini kuzipanga pamoja? Na taarab ya dakika kumi na tano isikatwe eti kwa sababu programu inadhani hakuna wimbo wa urefu huo.

Kuhusu matumizi ya nyumbani nina machache. Kitufe halisi cha sauti, cha kuzungusha, na vitufe vitano vya kumpa mama yangu: kimoja redio ya habari, kimoja kaswida, vilivyobaki atachagua. Asishike simu kabisa. Redio ya FM iwe ndani, kwa sababu intaneti ikizimika bado tunataka matangazo ya vifo. Tundu za RCA nyekundu na nyeupe zisiondolewe, sabufa zetu zinaishi kwa hizo. Mikrofoni ya kusikiliza mazungumzo ya sebuleni sitaki, hata ikijua Kiswahili cha Mvita.

Na kimya cha adhana. Nyumba nyingi hapa mtu hukimbilia kitufe muadhini anapoanza. Nyakati za swala hukokotolewa kwa tarehe na mahali ulipo, hazihitaji intaneti, na programu za simu zimekuwa zikifanya hivyo miaka mingi. Strima ipunguze sauti yenyewe, na iniruhusu kusogeza dakika mbili tatu, maana msikiti wa mtaa una saa yake. Anayetaka muziki wake usipunguzwe aizime huduma hiyo, kanisani vilevile waweke kengele yao wakipenda.

Yote haya hayana maana kama kifaa kinaweza kuuawa kwa mbali. Mwaka 2019 Google iliacha kutengeneza Chromecast Audio, kifaa kidogo kizuri cha dola 35 cha kupeleka muziki wa intaneti kwenye spika; Machi 2025 cheti cha usalama kikaisha muda na vifaa hivyo vikagoma kwa siku kadhaa mpaka vikarekebishwa. Desemba 2024 Spotify walizima kabisa Car Thing, kifaa chao cha garini, kikiwa hakijafikisha miaka mitatu tangu kianze kuuzwa kwa wote. Sonos, watengenezaji wa spika za intaneti, walitoa programu mpya ya simu Mei 2024, na wateja wakajikuta wamepoteza kengele za asubuhi na upangaji wa foleni ya nyimbo; Januari 2025 mkurugenzi mkuu wao, Patrick Spence, akaondoka. Spika zilikuwa nzima. Kilichovunjika ni programu tu.

Mfano wa upande wa pili ni Squeezebox, strima za zamani. Logitech waliinunua kampuni ya Slim Devices mwaka 2006, wakaacha kutengeneza mashine hizo mwaka 2012, na mwaka 2024 wakafunga hata seva yao ya mtandaoni. Mashine zenyewe zinapiga muziki mpaka leo, kwa sababu programu ya seva ilikuwa wazi tangu mwanzo, yeyote aweze kuisoma na kuibadilisha, na watumiaji wakaichukua. Sasa inaitwa Lyrion Music Server. Unaweza kuiweka kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu, na kuwa na strima yako bila kununua ya mtu. Mimi ningependa kununua, kwa kuwa si kila nyumba ina mtu wa kuhangaika na kadi ya kumbukumbu na laini za amri.

Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inamlazimisha mtengenezaji wa vifaa vya intaneti kutaja muda wa chini ambao atatoa masasisho ya usalama. Nataka muda huo niuone umechapwa kwenye boksi linalofika Kariakoo, tarehe kamili, kwa wino. Chini yake uje mstari wa pili: tukiacha kuihudumia, programu yake tutaifungua kwa yeyote. Bei tutazungumza.