Mwiko wa Shangazi na klachi ya Subaru

Ukitaka kujua Ngamiani, Tanga, kuna mafundi wangapi, fungua boneti ya Subaru mbele ya baraza, halafu kaa kimya. Muuza kahawa ni fundi. Kinyozi ni fundi. Dogo anayepita na baiskeli ya ndoo za dagaa anasimama, anachungulia, anatikisa kichwa: "Hiyo pampu ya mafuta, braza." Wala hajaulizwa.

Haikuwa pampu. Ilikuwa klachi. Gari lenyewe ni Impreza WRX, gia 5 za mkono, injini ya lita 2 yenye tabo, ile feni inayoisindilia injini hewa. Aliyeniuzia alinipa mhadhara mrefu kwamba Impreza ndiyo iliyompa Colin McRae ubingwa wa dunia wa rali mwaka 1995. Alichosahau kunieleza ni kuwa mwenye gari aliyetangulia naye alijiona McRae kila taa za barabarani zilipowaka kijani, na deni lote likaandikwa kwa klachi.

Deni lilidaiwa tukitokea Muheza. Ndani ya gari mimi, shemeji na Shangazi. Kwenye buti, fenesi la Shangazi, kubwa, la kuchaguliwa. Niko gia ya 5, nakanyaga mafuta. Mshale wa mzunguko wa injini ukapanda mpaka 5000. Mshale wa spidi ukatulia tuli. Kelele tunazo, mwendo hatuna. Kisha ikaja harufu ya kitu kinachoungua.

"Fenesi langu hilo!" akasema Shangazi. "Ekzosi si inapita chini yake? Linaiva huko nyuma."

Shemeji, ambaye fenesi halipendi hata kwenye picha, akaunga mkono hoja kwa kasi ya mbunge. "Tena limeshaoza, Shangazi. Litatuua." Kabla ya Pongwe nikasimamishwa, fenesi likatelekezwa majanini bila kosa lolote, tukaondoka. Harufu tukaingia nayo mjini. Mpaka leo kila penye shughuli ya kifamilia fenesi lile linatajwa, na mimi hutazama pembeni.

Kwa asiyejua: klachi ni sahani iliyobanwa kati ya flaiwili, gurudumu zito linalozunguka na injini, na presha, bamba la springi linaloikandamiza. Sahani ikila ile ngozi yake ya msuguano, kubana kunalegea, injini inajizungukia peke yake na magurudumu yanapata salamu tu. Gereji moja ya Dar niliipigia simu, fundi akanitajia bei. Nikamwomba arudie. Nilidhani anakusudia kuniuzia gari la pili.

Kwa hiyo nikaamua kazi ifanyike Tanga, mbele ya nyumba ya Shangazi, na spea nitafute mwenyewe. Muuzaji wa kwanza alinitolea sahani ya mashindano, ile yenye vipande vichache vigumu badala ya ngozi ya duara zima. "Hii ya rali, kaka. Haiishi." Haiishi kweli. Kitakachoisha ni uvumilivu wako, maana gari linaondoka kwa kurukaruka kila unapoachia mguu, na Shangazi hakuomba kurukishwa. Nikamwambia nataka klachi ya kawaida ya Kijapani. Akanipa boksi la bei nzuri mno. Ndani yake sahani ya milimita 225, ya Impreza isiyo na tabo. Yangu ni 230. "Milimita 5 tu, kaka, utazionea wapi?" Tena ile ni klachi ya kusukumwa, na yangu ni ya kuvutwa. Nikarudisha boksi, nikapata sahihi kwa namba ya chesisi kwa muuzaji mwingine.

Hilo la kusukuma na kuvuta ndilo lililotutoa jasho. Kwenye magari mengi beringi ya klachi inakwenda mbele na kuisukuma presha. Kwenye Impreza za tabo za miaka ile inavuta: beringi imejifunga ndani ya presha kwa ringi, na uma wa klachi uliomo ndani ya gia boksi umeikumbatia. Fundi wangu alikuwa na miaka mingi ya pikapu na Noah. Subaru ya kuvuta hakuwahi kukutana nayo, ila hakuona sababu ya kututisha kwa habari hiyo.

Kazi ilianza Ijumaa. Nikamuuliza fundi kama tumwage kwanza oili ya gia boksi. "Haina haja." Shemeji alishavaa kanzu yake ya msikitini, nyeupe inayoumiza macho, lakini akainama chini ya gari "kuchungulia tu". Muda huohuo propela, ile shafti ndefu ya kwenda magurudumu ya nyuma, ikachomolewa nyuma ya gia boksi, na oili ikafuata njia yake. Oili ya gia ina salfa. Ikikaa miaka ndani ya chuma inanuka mayai viza. Shemeji alitoka chini ya gari rangi mbili.

Shangazi alikuwa mlangoni. Alimtazama kutoka kofia mpaka kandambili.

"Sasa," akasema taratibu, "nani ananuka?"

Tukaendelea bila shemeji. Boliti zote zikafunguka, gia boksi ikasogea upana wa kidole, ikagoma. Fundi akavuta. Fundi na dogo wake wakavuta. Ikaja nondo, ikaja nyundo ya mpira, na baadaye nyundo isiyo ya mpira. Muuza kahawa akaweka birika lake chini akasaidia. Kinyozi akaacha mteja na kichwa nusu. Mtu akaleta kamba, ikafungwa kwenye gia boksi iliyokalia jeki, foleni ikapangwa mpaka katikati ya barabara, na mpiga mahesabu akajiteua: "Moja! Mbili! Haya!" Gari zima likawa linatikisika, gia boksi imeng'ang'ania palepale. Mteja mwenye nusu kichwa naye alishika kamba.

Hatua chache tu kutoka pale, wazee walikuwa wanacheza bao. Mmoja wao, mstaafu wa karakana ya reli, akaweka kete yake, akanyanyuka, akaja mikono mgongoni. Tukamwamkia. Akaitikia, akazunguka gari, akainama.

"Hicho kizibo hapo ubavuni, mmekifungua au mnakiheshimu tu?"

Kimya. Kilikuwepo kweli kizibo kidogo chenye tundu la pembe sita. Fundi akasema nadhani hakihusiki. Mzee akasema kitu kisichohusika Mjapani hakiwekei nyuzi.

"Mzee wangu, mbona hukutuambia tangu asubuhi?"

"Hamkuniuliza. Halafu nilikuwa nafungwa."

Tundu lile linataka alenki ya milimita 10, na mtaa mzima hakuna aliyekuwa nayo. Ila kichwa cha boliti ya spana namba 10 kinaingia mle barabara. Tukamkimbilia jirani anayechomelea mageti, akaunga nati kwenye ncha ya boliti, na alenki ikapatikana kwa bei ya soda. Nyuma ya kizibo kuna pini inayoushika uma. Nayo ina nyuzi ndani, ukiifunga boliti nyingine ya namba hiyohiyo unaichomoa. Pini ikatoka. Uma ukaiachia beringi. Gia boksi ikateleza kwa upole, na kwa kuwa hakuna aliyewaambia wenye kamba kuwa vita vimekwisha, wote wakakaa chini kwa pamoja, mteja wa kinyozi juu ya birika.

Flaiwili ilikuwa na mabaka ya bluu kwa joto, tukaipeleka kukerezwa badala ya kununua mpya. Sili ya nyuma ya krenki, mpira unaozuia oili ya injini isivujie klachi, nilibadilisha ingawa ilikuwa haijavuja. Sili ni pesa ndogo, na kuishusha tena gia boksi ile sitaki hata kuota.

Kurudisha kuna shida yake. Sahani lazima ikae katikati kabisa kabla presha haijakazwa, vinginevyo shafti ya gia boksi haiingii. Kuna kifaa chake maalumu cha plastiki, na katika boksi langu hakikuwemo. Fundi akafikiri, akamtuma dogo ndani, dogo akarudi na mti mzuri, mnyoofu, mgumu. Wakauchonga ncha ienee kwenye beringi ndogo ya flaiwili, wakazungushia gundi ya umeme mpaka ukajaa kwenye tundu la sahani. Ukakaa sawasawa. Presha ikakazwa, gia boksi ikaingia mara ya kwanza, tukapongezana.

Jioni Shangazi akatoka jikoni na sufuria la maji yanayochemka.

"Mwiko wangu uko wapi?"

Dogo akatazama mwembe. Fundi akatazama spana zake. Mwiko ulikuwa juu ya boneti, una ncha ya penseli na grisi mpaka kwenye shavu.

"Haya," akasema Shangazi, "sema wewe mwanangu, ugali nisonge na jeki?"

Klachi mpya haitaki fujo. Fundi aliniambia kilomita 800 hivi za kwanza niondoke polepole, nisiifungulie tabo, sahani ikae na mwenzake. Kwa shukrani nikamchukua yule mzee wa bao nimpeleke kwake Raskazone. Akakaa mbele, akafunga mkanda, akashika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Tukaondoka. Bajaji ikatupita. Kisha bajaji nyingine. Kisha baiskeli ya madafu, tena mwenyewe anapiga simu.

Mzee akaachia mpini.

"Mwanangu, huo mshale unaishia ngapi?"

"180, mzee wangu."

"Na hapa tuko ngapi?"

"30."

Akafungua mkanda. "Nishushe hapo kwenye kona. Nataka kuwahi Alasiri."