Hirizi ya Mashine

Ami yangu ana mashine ya boti ya farasi 15, tustroki, kongwe hata jina la kampuni limefutika kwenye kofia. Siku hiyo homa ilikuwa imemlaza, akanipa kazi ya kuvusha watu wa harusi kutoka Mkokotoni kwenda Tumbatu. Akina mama wanne, masufuria mawili ya shughuli, gunia la mchele, na mbuzi mmoja ambaye kwa macho yake tu alishajua harusini anakwenda kufanya nini.

Mimi mtu wa mjini, lakini si mgeni wa mashine ile. Mafuta nilichanganya mwenyewe: petroli lita 25, oili nusu lita, tikisa. Ami akanikabidhi na kikamba chekundu cha plastiki, kipya, kimejikunja kama waya wa simu za mezani. "Vaa mkononi," akasema. "Ukianguka baharini, mashine izime yenyewe." Nikavaa. Tukaondoka kwa fujo na moshi.

Hatujafika hata nusu ya njia, sauti ikashuka. Ikakohoa mara mbili, kimya.

Nikaminya kile kipira cha kuvutia mafuta. Kimesinyaa, bapa kama tende iliyokanyagwa, na hakirudi. Hapo nikajua! Nikarukia tangi, nikalegeza skrubu ndogo juu ya kifuniko, ile ya kupitishia hewa. Nilikuwa nimeifunga mwenyewe wakati wa kulibeba tangi kutoka nyumbani, petroli isinimwagikie. Fssss! Kipira kikavimba palepale.

Sasa badala ya kuwasha kimyakimya, nikageuka kutoa darsa. Tangi likikosa pumzi, akina mama, mafuta hayatoki. Ni kama wewe kunywa soda ya chupa huku mdomo umeuziba shingo nzima ya chupa.

"Mashaallah," akasema bi mkubwa mmoja aliyekaa karibu yangu. "Kumbe umesoma."

Nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta tena, choki nimeifungua, choki nimeifunga, Bismillahi nimeisema kwa sauti. Kufikia mara ya ishirini harufu ya petroli imetanda na mbuzi anapiga chafya. Nikajua imelowa. Nikavua kofia ya mashine, nikatoa plagi zote mbili. Zinachuruzika. Nikatafuta kitambaa, sikukiona, nikafuta kwa kitu cha kwanza mkono wangu ulichogusa, nacho kilikuwa pindo la kanga ya mama mmoja, kanga mpya ya kuchezea harusi. Sitaandika alichoniambia.

Nikarudishia plagi moja kwenye kofia yake ya waya, nikaigusisha kwenye chuma, nikavuta kamba nione cheche. (Msiige, pale pana petroli kila mahali.) Hakuna cheche. Nikajaribu ya pili. Hakuna. Mtu mwenye akili hapo angejiuliza: plagi mbili zinafaje kwa dakika moja, kama mume na mke waliopendana sana? Mimi nikaenda kwenye kopo la maziwa la ami nikatoa plagi nyingine mbili za zamani, nikazisugua kwenye ubavu wa kiberiti, nikazifunga. Kimya.

Mkondo nao hauna subira, unatusogeza tu. Ikapita ngalawa ya tanga, ndani watoto wawili. Watoto wa Tumbatu na bahari ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja akauliza kwa adabu kabisa, "Kaka, hapo mnavua nini?"

Nikaamua kufungua kabureta. Alhamdulillahi, bisibisi iliniponyoka ikazama kabla sijagusa skrubu ya kwanza. Ingekuwa mkononi mwangu, mpaka leo tungekuwa pale tunatafuta nozeli ndani ya sufuria la biriani.

Nikakaa chini, jasho linanitoka, kiganja kimeota malengelenge. Bi mkubwa akakohoa kidogo.

"Mwanangu, usinifikirie vibaya. Tangu tumeondoka naitazama hiyo hirizi yako. Leo haikusaidii. Hebu ivue."

"Hirizi gani, bibi?"

Akaninyooshea kidole mkononi. Kikamba chekundu. Nikakifuata kwa macho mpaka mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa unaning'inia hewani: kile kibano cha plastiki kinachotakiwa kukaa nyuma ya kitufe cha kuzimia. Nilipolirukia tangi nilikichomoa, na kwa kuwa mashine ilikwishazima, sikushtuka. Miaka yote nilikuwa nimezoea kuona pale kipande cha kandambili alichokichonga ami. Kibano sikukijua, na bila kibano cheche utazisubiri mpaka kiyama.

Nikakipachika. Nikarudisha choki ndani, nikazungusha hendeli ya moto mpaka mwisho ili mashine iteme mafuta iliyokunywa, nikavuta. Mara ya tatu ikanguruma na kutufunika moshi mweupe. Akina mama wakapiga vigelegele, sijui vya nani.

Nanga haijashika mchanga Tumbatu, simu ikalia. Ami.

"Naambiwa mmefika. Na hirizi yangu ikoje?"